Tupeane uzoefu: namaste kwa mliosoma India au mlioishi na Wahindu

Wakuu, salamu hii wengi tunaijua kwa picha za yoga tu, lakini kwa wenyewe ina adabu zake. Viganja vinakutana mbele ya kifua, vidole juu, kichwa kinainama kidogo, kwa maana ya "nakuinamia". Mdogo ndiye anayetangulia, kama ilivyo shikamoo. Nilipokuwa nasoma Pune, mama mwenye nyumba alikuwa akiniitikia kwa mikono miwili hata kama ina unga wa chapati. Alfajiri mbele ya mungu wake mikono ileile ilipanda hadi kwenye paji la uso. Kwa mgeni iliishia kifuani. Nilimpenda sana mama yule. Leteni visa vyenu.

Mdau wa Kisutu: Nimeuza vitambaa kwenye duka la Wagujarati hapa Dar. Kwao utasikia zaidi "Jai Shri Krishna" au "Jai Swaminarayan", inategemea familia inaabudu wapi, lakini mikono inaunganishwa vilevile. Kubwa kwangu ni mwaka mpya wao, siku inayofuata Diwali. Watoto na wajukuu, hata wenye mvi, wanainama kumgusa mzee miguu. Mzee anawawekea mkono kichwani, anawaombea heri, kisha anatoa noti mpya. Sisi wafanyakazi tulisalimia kwa mikono ya kifuani, na noti tulipata.

Binti Tanga: Nilimpeleka mama Chennai kutibiwa moyo. Kule wanasema "vanakkam", ishara ni hiyohiyo. Daktari, kijana mdogo tu, kila akiingia wodini anaunganisha mikono kwa mama kwanza, ndipo ashike faili. Mama hajui Kiingereza wala Kitamil, akawa anamwitikia "Marahaba, mwanangu". Hakuna aliyewatafsiria na walielewana kabisa. Mpaka leo anamwombea dua yule kijana.

Mtu wa Mombasa: Waislamu wenzangu, nyie mnaitikiaje? Mimi kuunganisha viganja naona kunakaribia ibada, kwa hiyo naweka mkono wa kulia kifuani na kutabasamu. Jirani yangu Mhindu hajawahi kununa, na asubuhi ya Idi ndiye wa kwanza kubisha hodi.

Mwanzisha uzi: Swali zuri, mkuu. India kwenyewe Waislamu wengi hutoa salamu ya Kiislamu, na wengine husema "adab" wakiinua mkono wa kulia karibu na paji la uso. Kinachoniuma mimi ni tofauti na hicho. Machi 2020, korona ilipoanza, Prince Charles wa Uingereza (sasa Mfalme) na Rais Macron wa Ufaransa walionekana wakisalimia kwa namaste, na watu wengi wakaichukua kama njia ya kukwepa virusi basi. Salamu ya heshima kiasi hiki inastahili zaidi ya hapo.

Mlioolewa au kuoa kwenye familia za Kihindu bado hamjasema. Kumgusa mkwe miguu, mlifundishwa au mliiga wengine? Na akikuzuia kabla hujafika chini, unafanyaje?