Wenye selimundu tunaitwa watoro kazini. Nani aliwaambia siku za ugonjwa lazima zichukuliwe kwa mkupuo?

Wakuu,

Kuna waajiri hapa Kigoma wanakula mishahara ya wagonjwa mchana kweupe, na silaha yao ni daftari la mahudhurio. Nimevumilia, nimeandika barua za heshima, nimekaa vikao vya "tutaliangalia". Sasa nasema hadharani, kwa sababu najua siko peke yangu. Wapo wenye kisukari, wapo wanaosafishwa figo, wapo wanaokwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kila mzunguko wa dawa za saratani, na wote wanaimbiwa wimbo huu huu.

Mimi ni karani wa ghala kwenye kampuni inayopokea mizigo ya Kongo na Burundi. Jina la kampuni sitalitaja. Nina selimundu tangu utotoni na niliwaambia siku ya usaili kabisa, maana sikutaka kuja kuonekana nimedanganya. Kazi naijua, vitabu vyangu vya stoo havijawahi kukutwa na upungufu, na hilo hata meneja halibishi.

Kwa wasiojua ugonjwa huu: chembe nyekundu za damu zinajikunja mfano wa mundu, zinaziba mishipa midogo, na sehemu isiyopata damu inauma maumivu ambayo sina namna ya kuyaeleza kwa maneno. Baridi inachochea. Upungufu wa maji mwilini unachochea. Uchovu, malaria, homa yoyote, vyote vinachochea. Kwa hiyo mtu anayeshinda kwenye kontena lenye joto siku nzima akihesabu magunia, kisha jioni akanyeshewa kutoka Kibirizi hadi Gungu, usiku ule anajua kinachomsubiri. Unachukuliwa, unawekewa maji na dawa ya maumivu, kesho yake au keshokutwa unasimama na unarudi kazini. Kuna vipindi virefu hakuna kitu kabisa, hasa ukitumia vizuri haidroksiyurea, dawa ya kupunguza mashambulizi haya, halafu ghafla mwezi mmoja unakupiga mara mbili. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, na makadirio yanayotajwa kila mara ni watoto 11,000 hivi kwa mwaka. Watoto hao wanakua, wanasoma, wanaajiriwa. Hawa waajiri walidhani tutakuwa wapi?

Sasa sikilizeni dhuluma yenyewe.

Mwenzangu mmoja wa ghala alipata ajali ya bodaboda, akavunjika mguu. Akalala nyumbani wiki nyingi mfululizo. Mshahara ukaingia wote, ofisi ikamchangia, meneja akaenda kumpa pole nyumbani kwake Mwanga. Sina kinyongo na ndugu yangu huyo hata chembe, ndivyo inavyotakiwa. Lakini mimi siku zangu zote za mwaka ukizikusanya hazifiki hata nusu ya zile alizolala yeye. Kosa langu ni kwamba zangu hazikushikana. Leo moja, baada ya wiki kadhaa mbili, tena moja. Kwa hiyo yeye ni mgonjwa na mimi ni mtoro. Naomba mtu anionyeshe ni sheria gani ya nchi hii imeandikwa hivyo.

Afisa utumishi wetu aliniambia hivi, mbele ya msimamizi wangu: "Kijana, likizo ya ugonjwa ni ya mtu aliyelazwa. Popote duniani inachukuliwa kwa mkupuo. Hizi zako za kudonoa donoa kata kwenye likizo yako ya mwaka, zikiisha tunakata mshahara." Na kweli walikata. Likizo yangu ya mwaka yote ikaliwa na vitanda vya hospitali, kisha makato yakaanza, kisha ikaja barua ya onyo kwamba "jumla ya siku nilizokosa" zimezidi tano na hilo ni kosa la kufukuzwa.

Nikaenda kuisoma sheria mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, Sura ya 366. Kifungu cha 32 kinasema mfanyakazi ana haki ya likizo ya ugonjwa ya siku zisizopungua 126 katika mzunguko wa likizo. Siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Na mzunguko wenyewe kwa likizo hii si mwaka mmoja, ni miezi 36, kifungu cha 30 kimeeleza. Nimekisoma mbele na nyuma. Hakuna mahali palipoandikwa "mfululizo". Hakuna mahali palipoandikwa "aliyelazwa". Kimeandikwa siku, ndani ya mzunguko. Siku ni siku, ziwe zimeungana au zimetawanyika. Zigawanye hizo 126 kwa miezi 36, unapata siku tatu na nusu kwa kila mwezi. Mgonjwa wa selimundu anayetunzwa vizuri mara nyingi hafiki huko. Kwa maana nyingine sheria tayari inatutosha, wanaotubana ni watu.

Kuhusu kulazimisha mtu atumie likizo ya mwaka: kifungu cha 31, kile kile kinachotoa siku 28 za mapumziko, kinamkataza mwajiri kumtaka au hata kumruhusu mfanyakazi atumie likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine anayostahili. Hata kumruhusu! Yaani hata kama ningeenda mwenyewe kumwomba anikatie huko ili nisigombane naye, alipaswa kukataa.

Na hizo siku tano anazonitishia nazo zinatoka kwenye Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007. Kosa lililotajwa pale ni kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa au bila sababu ya msingi. Mtu aliyekuwa na dripu mkononi, na cheti anacho, amekosa sababu gani ya msingi? Hapa ndipo hasira yangu ilipo zaidi, wakuu, kwa sababu wanachukua kanuni iliyotungwa kwa ajili ya anayetoroka kwenda kwenye mambo yake, wanaokota siku moja moja za mgonjwa za miezi kadhaa, wanazijumlisha mpaka zipite tano, halafu wanamwandikia barua.

Suala la cheti nalo lizungumzwe kwa haki. Sheria inampa mwajiri nafasi ya kutolipa kama mfanyakazi hakuleta cheti cha daktari. Hilo nalikubali na silalamikii. Kila niliposhindwa kufika nilimtumia msimamizi ujumbe asubuhi ile ile, na niliporudi nilileta ED, yaani cheti cha hospitali cha kupumzishwa kazi, yenye mhuri. Kilichotokea ni kwamba ED ya zahanati ya huku Ujiji ilikataliwa eti aliyesaini ni tabibu, si bingwa. Bingwa wa damu nimtoe wapi saa nane usiku? Sheria imesema cheti kitolewe na daktari aliyesajiliwa, au mtaalamu mwingine wa tiba anayekubalika kwa mwajiri, na ikaongeza kwamba mwajiri asikatae kumkubali bila sababu ya maana. Zahanati ile ile ilipotoa ED ya mwenzangu wa mguu, mhuri wake ulipokelewa bila swali.

Tena msimamizi alisoma cheti changu mbele ya vibarua asubuhi, ugonjwa wangu na dawa zangu zote. Hilo sitalisahau.

Na hiyo "popote duniani"? Marekani, ambako mfanyakazi hana raha nyingi kihivyo, sheria yao ya likizo ya familia na matibabu ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 ndani ya miezi 12 kwa mfanyakazi anayetimiza vigezo vyake, hazina malipo, na makampuni binafsi yanayobanwa nayo ni yenye wafanyakazi kuanzia 50. Lakini imetamka wazi kwamba mwenye ugonjwa sugu anaweza kuzichukua kwa vipande vipande matibabu yanapohitaji hivyo, hata saa chache kwa siku. Sheria yetu haijatamka vipande kwa jina, ila inalipa, na haikukataza. Kwa hiyo afisa utumishi asiniletee dunia ambayo hajaisoma.

NYONGEZA: nimeona maswali, nawajibu hapa hapa.

Aliyesema "kama mgonjwa si uache kazi upumzike": ndugu, nikiacha kazi bima ya afya ya mwajiri inaondoka na mshahara unaonunua dawa unaondoka. Nitapumzikia wapi? Na kingine, mwajiri mwenyewe hana ruhusa ya kuniachisha kirahisi hivyo. Zile kanuni za 2007 zinamtaka kwanza aangalie chanzo na ukubwa wa ugonjwa, kama ni wa kupita au wa kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa ili mtu aendelee. Kwangu marekebisho ni madogo mno: kunitoa kwenye kontena mchana wa jua kali nibaki na vitabu na kompyuta, kuniruhusu chupa ya maji mezani, kutonipanga zamu ya usiku kwenye mvua za masika. Nimeomba kwa maandishi. Majibu hakuna.

Aliyesema kampuni inaumia kwa sababu haijui nitaugua lini: hoja hii naiheshimu kuliko zote. Ni kweli, ghala haliwezi kusimama meli ikiwa imefunga gati. Ndiyo maana nilipendekeza tuwe na utaratibu wa maandishi: namtaarifu nani, kabla ya saa ngapi, nani anashika funguo siku hiyo, kliniki za kawaida natoa tarehe mapema, na kila nikikosa siku tunaisaini wote wawili kwenye karatasi moja inayoonyesha zimebaki ngapi kati ya 126. Wenye mkataba wa hali bora na chama cha wafanyakazi wangeweza kuyaweka haya kwenye mkataba wao yakaisha. Waajiri wangu walikataa. Wanapenda ibaki gizani, maana gizani mwenye kalamu ndiye anayehesabu.

Aliyeniuliza kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: ule ni wa ajali na magonjwa yanayotokana na kazi. Selimundu ni ya kuzaliwa, mfuko huo si wangu. Mwenye mgongo ulioharibiwa na kubeba mizigo ndiye akaulizie huko.

Dada aliyeandika kwamba mwenye selimundu ni mwanawe, si yeye: hizi 126 ni za ugonjwa wako wewe, pole sana. Angalia kifungu cha 34, kuna likizo ya malipo ya siku zisizopungua nne inayohusu pia mtoto anapougua. Nne ni chache mno kwa mzazi wa mtoto wa selimundu, na kwa maoni yangu wabunge wetu wangeanzia hapo. Lakini ziombe hizo nne kwa barua, usikubali kuambiwa hazipo. Na wale ambao hamjatimiza miezi sita kazini muwe waangalifu, likizo hizi za malipo kwa kawaida zinaanza baada ya hapo, na kinga ya kuachishwa isivyo haki vilevile.

Aliyesema "wasipokufukuza hawatakupa mkataba mpya": najua, na ndicho wanachonong'ona. Kifungu cha 36 kinahesabu kutohuishwa kwa mkataba kuwa ni kuachishwa kazi, iwapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa. Mkataba wangu umekuwa ukihuishwa kila unapoisha. Na kifungu cha 37 kinasema kumwachisha mtu kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria si sababu halali. Nimezitunza barua zote, jumbe zote za simu, hati za mshahara na nakala ya kila ED. Na wewe mwenye tatizo kama langu fanya hivyo leo, usiachie nakala ya pekee masijala.

Kinachofuata kwangu ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, migogoro mingine kama wangu wa malipo ni ndani ya siku 60 tangu ulipozuka, na ukichelewa inabidi uombe kuongezewa muda kwa sababu za kueleweka. Kinachoanza ni usuluhishi, unajaza fomu namba moja, hulipi. Barua ya onyo nimeijibu kifungu kwa kifungu, na nakala nimempelekea Afisa Kazi wa mkoa.

Ombi langu kwenu: kama yupo aliyewahi kupeleka Tume madai ya siku za ugonjwa zilizotawanyika, iwe Kigoma, Tabora au popote, na mwamuzi akatoa uamuzi, aweke hapa namba ya shauri na mwaka. Nataka kuingia usuluhishi nikiwa nayo mkononi. Na wale mnaofanya kazi ghala moja na mimi mnaosoma huu uzi kimya kimya, mliokuwepo asubuhi ile cheti changu kiliposomwa: nitahitaji wawili wa kuja kusema walichosikia.