Mtoto wa miaka 8: waya za meno sasa, au tusubiri?

MamaZai, Arusha

Wakuu, habari za jioni. Binti yangu ametimiza miaka 8. Meno mawili ya mbele, juu, yameota na mwanya katikati. Lile la pembeni yake kulia limeota kwa ndani, akiuma linakaa nyuma ya jino la chini. Tena gego la utoto la chini kushoto, lile la nyuma, liling'olewa mwezi jana kwa kuoza. Daktari mmoja ameshauri waya sasa hivi, mwingine kasema turudi akifika 12. Nimsikilize yupi?

DktKinywa

Mama Zai, kila mmoja ana sehemu ya haki, maana hapo kuna matatizo matatu na hayaendi kwa ratiba moja.

Mwanya uache. Kwa umri huo ni hali ya kawaida: chonge za kudumu bado ziko juu ndani ya mfupa, zinabana mizizi ya meno ya mbele, ndiyo maana vichwa vya meno vinatawanyika. Chonge zikishuka, miaka 11 hadi 12, mwanya wa milimita 2 au pungufu mara nyingi hujifunga wenyewe. Kulazimisha kuufunga sasa kunaweza kuusukuma mzizi wa jino la pembeni kwenye njia ya chonge, na chonge inayoshuka ina uwezo wa kuula mzizi huo.

Jino lililoingia ndani lisisubiri miaka 12. Kila akiuma linaligonga la chini na kulisukuma nje, fizi ya mbele ya jino la chini inashuka, kingo za meno zinasagika, na baadhi ya watoto huzoea kupeleka taya mbele ili wakwepe mgongano. Fizi iliyoshuka ni kazi kuirudisha. Lakini tiba yake siyo waya mdomo mzima. Nafasi ikiwepo, pleti ya kuvaa na kuvua inatosha, mara nyingi kwa miezi michache tu. Jino likishavuka mbele, la chini lenyewe linalizuia lisirudi.

Jambo la kuangalia nyumbani: mwambie akunje ulimi, ncha iguse kaakaa kwa nyuma, kisha afunge mdomo polepole. Angalia kidevu. Kama meno yanagusana kwanza halafu taya linateleza pembeni au mbele ndipo linatulia, mweleze daktari. Taya linaloteleza hivyo kwa sababu kaakaa ni jembamba hutibiwa mapema, kwa kifaa cha kutanua chenye skrubu. Robo mzunguko wa skrubu kwa kawaida ni milimita 0.25, na mzazi huzungusha kwa ratiba ya daktari, siyo kwa haraka yake. Kiungo cha katikati ya kaakaa hukaza kadiri mtoto anavyokua. Ukichelewa hadi ujana, kutanua kunakuwa kugumu.

FundiSanifu_Meno

Naongezea upande wa pleti. Ni akriliki, yaani plastiki ngumu, iliyolala kwenye kaakaa, kulabu za waya wa milimita 0.7 zinashika magego ya kudumu, na springi ya waya wa milimita 0.5 inakaa nyuma ya jino linalosukumwa. Kama meno ya chini yanalifunika sana, akriliki hupandishwa juu ya magego ili mdomo usifunge kabisa na jino lipate njia ya kupita. Hiki kimo kikisahaulika springi inafanya kazi bure, jino linasukumwa mchana na kurudishwa kila anapotafuna.

Ivaliwe usiku na mchana, hata wakati wa kula, itolewe kwa kupiga mswaki tu. Jino husogea kama milimita 1 kwa mwezi. Ukitaka kujua kama anaivaa kweli, msikilize anavyoongea: anayeivaa huzoea ndani ya siku chache, asiyeivaa ataendelea kuwa na kithembe kila mnapokwenda kliniki. Ioshwe kwa maji ya baridi. Maji ya moto huipinda na haitakaa tena.

Mhudumu_MenoWatoto

Mimi naona gego lililong'olewa ndilo la kushughulikia wiki hii. Gego la kudumu la miaka 6 liko nyuma ya pengo, na likikosa kizuizi huegemea mbele. Sehemu kubwa ya nafasi hupotea ndani ya miezi 6 ya kwanza. Jino litakalojaza pengo hilo kwa kawaida huota miaka 11 hadi 12, kwa hiyo likikuta njia imezibwa linakwama au linaota upande wa ulimi.

Kinachowekwa ni kishika nafasi: pete ya chuma kwenye gego la nyuma, na kitanzi cha waya kinachofika jino la mbele ya pengo. Kabla ya hapo omba eksirei, kwa sababu jino hilo la chini ni mojawapo ya yanayokosekana tangu kuzaliwa, na kama halipo mpango wote unabadilika. Pete ikaguliwe kila miezi 6. Simenti ikilika chini yake, chakula kinaingia na gego zima linaoza bila kuonekana.

MamaZai

Asanteni sana. Kuna mawili sikuyasema. Alipokuwa mchanga bibi yake alimpeleka akatolewa "meno ya plastiki". Na meno yake yana rangi ya kahawia kama ya wengi huku kwetu.

DktKinywa

La kwanza ni kubwa, mwambie daktari kabla ya yote. Yale hayakuwa meno mabaya, yalikuwa machipukizi ya chonge za utoto, na chini yake ndipo chonge za kudumu zinapojengeka. Zinaweza kuota zimepinda, zimechelewa, au zisiote kabisa. Akifika 9 au 10, pitisha kidole juu kwenye fizi, usawa wa chonge, kulia na kushoto. Kama upande mmoja una uvimbe mgumu na mwingine hauna, eksirei isingoje.

Rangi ya kahawia huko inatokana zaidi na floraidi ya maji, na magadi ya kupikia huiongeza. Ukifika wakati wa waya kamili, meno ya utoto yakiisha, miaka 11 hadi 13, mwulize daktari mapema atakavyogundisha vibati, vile vipande vidogo vinavyobandikwa kwenye jino kushika waya. Enameli (tabaka gumu la nje la jino) ya namna hiyo hushika gundi vibaya na vibati hudondoka, kila kimoja kinachodondoka kinarefusha tiba ambayo kwa kawaida huchukua miezi 18 hadi 24. Wengine huandaa enameli kwa muda mrefu zaidi, na magego huvishwa pete badala ya kibati. Meno yapigwe picha kabla ya kuanza, ili mabaka ya zamani yasichanganywe na madoa meupe ya kuoza yanayotokea pale mswaki unapozembewa chini ya waya.

Kwa hiyo mpangilio wako: eksirei na kishika nafasi wiki hii, pleti ya jino la ndani ikifuata, chonge zikaguliwe akiwa 9.

FundiSanifu_Meno

Kama bado mnalo gego lililong'olewa, nendeni nalo. Daktari akiona mizizi ilikuwa imelika kiasi gani, atapata fununu jino la chini yake limefikia wapi.