Mtoto wa miaka 12 na pikipiki ya matairi manne, mnamruhusu?

Mama Mikindani: Jamani, shemeji kanunua ile ya matairi manne baada ya mauzo ya korosho, sasa mwanangu anataka kuiendesha shambani, anasema haianguki kama bodaboda. Kweli?

Fundi Masasi: Inaanguka sana tu dada, tena inabinuka inakulalia juu. Kuikata kona kunataka uzito wa mwili, mtoto atautoa wapi? Madaktari wa watoto Marekani wanasema chini ya miaka 16 asiguse.

Mama Mikindani: Na akipakiwa nyuma?

Mjomba Nachingwea: Nyingi ni za mtu mmoja, abiria anaharibu mizani. Shemeji mwenyewe avae helmeti, asipande nayo lami, na funguo afiche, hawa watoto wetu unawajua.