Kizazi kushuka na mkojo kuvuja baada ya kujifungua: tupeane uzoefu

Habari zenu wamama na wadada, naomba hapa tuongee wazi maana hili jambo tunalificha mpaka linatuharibia maisha.

Mimi baada ya mtoto wa pili (alikuja mkubwa, nikaongezewa njia) nikawa nikipiga chafya tu chupi inaloa, na nikishinda na ndoo za maji, jioni nasikia uzito huko chini, kuna kitu kimening'inia. Mama mkwe akasema ndo uzazi huo utazoea. Sikuzoea, nikaenda kwa daktari wa wanawake. Kanipima nimelala, haoni kitu cha maana, akaniambia haya sukuma kama unaenda haja kubwa, hapo ndo ukuta wa mbele wa uke ukashuka na kibofu kikafuata. Kwahiyo ukipimwa bila kuambiwa usukume au ukohoe, omba.

Fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi) alinichorea kwenye karatasi nikaelewa. Chini ya nyonga kuna misuli imetandikwa kutoka mfupa wa kinena mbele mpaka kifupa cha mkia nyuma, katikati imeacha upenyo wa njia ya mkojo, uke na haja kubwa. Kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo vimekaa juu yake, na kuna kano zinavishika kwa pembeni na nyuma. Ni kitanda cha kamba, kamba zikilegea aliyelala anazama. Mtoto akipita ile misuli inavutika sana, wengine inabanduka kabisa pale kwenye mfupa, na neva yake inaweza kuumia. Ikishalegea mzigo wote unahamia kwenye kano, nazo zinarefuka taratibu, ndo maana mtu anazaa akiwa kijana halafu kizazi kinashuka hedhi ikishakata. Kikohozi kisichoisha, choo kigumu, mizigo mizito, vyote vinasukuma kwenda chini.

Nani mwingine yamemkuta?

*Mama Watatu, Mbeya:*
Mimi mazoezi yamenisaidia ila kwanza nilifundishwa na nesi aliyeweka kidole akasikia kama nakaza kweli, maana wengi wanasukuma badala ya kuvuta juu. Unakaza kama unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, unavuta juu, shika sekunde 8 hivi, achia YOTE, rudia mara 8 mpaka 12, asubuhi mchana jioni. Makalio na mapaja yatulie, pumzi usibane. Na kabla hujakohoa au hujainua mtoto kaza kwanza. Jamani ni miezi sio wiki, mimi nilianza kuona tofauti mwezi wa tatu. Haya mazoezi sio ya juzi, daktari wa Marekani Arnold Kegel aliyaandika 1948, nashangaa kliniki tunaambiwa habari za chanjo tu.

*Dada wa Kisumu:*
Yangu ni tofauti kidogo. Kukohoa hakuna shida, lakini nikifika nyumbani nikiweka tu ufunguo kwa mlango, ama nikisikia maji ya mfereji, mkojo unanishinda mbio. Daktari alisema hiyo ni kibofu inajikaza ovyo, si mlango wa kibofu kulegea. Nilipunguza chai, nikafundishwa kuchelewesha kidogo kidogo, leo dakika tano, baadaye kumi. Sasa nakaa kanisani mpaka mwisho.

*Binti Mkubwa:*
Naandika kwa ajili ya mama yangu. Kizazi kilikuwa kimetoka nje kabisa, daraja la nne, anakirudisha kwa mkono ndo akojoe, na ametufichia miaka. Alikuwa anajifunga kanga tumboni kwa nguvu akidhani inashikilia, kumbe kubana tumbo kunazidi kusukuma chini. Kwa hatua ile mazoezi peke yake hayarudishi, aliwekewa pete ya silikoni ukeni ya kushikilia kizazi wakati anasubiri upasuaji. Siku ya kwanza ya pete alitembea mpaka sokoni akarudi analia kwa furaha. Wadada waulizeni mama zenu, wenyewe hawasemi.

*Mgeni:*
Samahani, shabu haisaidii kukaza? Shangazi kanishauri.

*Mwanzisha uzi:*
Mdogo wangu achana nayo. Shabu inakausha ngozi ya uke tu, misuli iko ndani zaidi haifiki, utaishia na michubuko na maambukizi.

Na nyongeza muhimu, kama mkojo unatiririka muda wote usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo inaweza kuwa fistula, ni tundu, sio misuli, mazoezi hayatazibi. Hospitali ya CCBRT pale Dar wanatibu fistula bure, mtu asikae ndani.

*Mama Watatu, Mbeya:*
Binti Mkubwa, hiyo pete inaoshwaje? Dada yangu kaambiwa awekewe anaogopa.

*Binti Mkubwa:*
Mama alifundishwa kuitoa mwenyewe, sabuni ya kawaida na maji, inasuuzwa inarudishwa. Asiyeweza anatolewa kliniki kila baada ya miezi kadhaa na kuangaliwa kama kuna kidonda. Akiona damu au uchafu wenye harufu asisubiri tarehe, aende. Na saizi ndo kila kitu, ya kwanza ya mama ilidondoka chooni wakabadilisha, mwambie ikidondoka asikate tamaa, arudi apimwe nyingine.