Mrejesho: "must not" siyo "si lazima"

Habari wakuu. Niliuliza kwa nini "You must not come tomorrow" inahesabiwa kosa pale ninapokusudia "si lazima uje kesho". Majibu yenu nimeyafanyia mazoezi, asanteni sana.

Kiini ni kujua "not" inakanusha nini. Kwenye "must not" ulazima unabaki palepale, kinachokanushwa ni tendo: ni lazima usije, yaani marufuku. "Si lazima" yetu inakanusha ulazima wenyewe, kwa hiyo Kiingereza chake ni "You don't have to come" au "You needn't come". Mwandikie mgonjwa "You must not take this with food" ukidhani unampa hiari, na tayari umemkataza kumeza dawa pamoja na chakula. Hilo si kosa dogo hata kidogo.

Wakati uliopita nao una mtego wake. "Ilibidi aondoke" ni "She had to leave". Ukiandika "She must have left" umekisia tu: lazima atakuwa ameondoka.

Kuhusu umbo, baada ya "must", "can" na "should" kitenzi hubaki kitupu, bila "to" wala "-s": "she can swim". "Have to" ndiyo inayobadilika: "she has to", "does she have to?"

Na aliyegusia kwamba "could" haifai kwa jambo moja lililofanikiwa jana, ni kweli: badala ya "I could open the door", sema "I was able to open the door". Kwenye kukanusha, "couldn't" inafaa bila shida.