Naomba ushauri: vurugu za kisiasa ambazo hazikuua mtu nizihesabu vipi?

Wakuu, habari zenu. Nimekwama kwenye pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu vyanzo vya vurugu za kisiasa.

Nilianza na takwimu za Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi. Wao wana mafungu matatu: mapigano yanayoihusisha dola, makundi yasiyo ya dola yakipigana yenyewe kwa yenyewe, na mashambulizi ya upande mmoja dhidi ya raia. Ili mgogoro uingie kwenye orodha, vifo lazima vifike 25 ndani ya mwaka. Safi, ila ninachokitafuta kinavujia hapo hapo. Mgombea kachomewa gari akajitoa, familia imehama usiku baada ya kukuta alama ya rangi mlangoni: hakuna aliyekufa, basi halikutokea! Kwangu mimi, kitisho kilichofanikiwa ndicho kisichohitaji maiti.

Nikahamia ACLED, shirika linalokusanya takwimu za vurugu za kisiasa na maandamano duniani, ambao hawana kiwango cha chini cha vifo na wanaingiza hata maandamano ya amani. Sasa shida ni nyingine: matukio mengi yanatoka kwenye vyombo vya habari, kwa hiyo pasipo na mwandishi panaonekana shwari. Msimamizi wangu anasema "chagua moja uendelee". Haya.

Waliopita njia hii, nikitumia hifadhi zote mbili, nitaepuka vipi kuhesabu tukio moja mara mbili? Na kwa upande wa vitisho, mahojiano ya kina yanatosha au bila dodoso sitaeleweka?