Wahariri, tupeane uzoefu: mwongozo wa uhariri unakusaidia au unakubana?

Kopi Safi (mleta mada)
Wakuu, habari za kazi. Nahariri kopi hapa Mwanza. Nikikaa na wahariri wenzangu, suala la mwongozo wa uhariri, yaani kanuni za tahajia, namba na majina ambazo chumba cha habari kimekubaliana, huwa linatugawa. Wapo wasioweza kufanya kazi bila huo mwongozo, na wapo wanaouona pingu.

Mimi nauthamini kwa sababu unaniondolea ugomvi na waandishi. Mtu analeta habari ya bandarini, aya ya kwanza ameandika MV Mwanza, ya pili Mv. Mwanza, ya tatu M/V Mwanza. Nikirekebisha kwa kichwa changu tu, anaona namdharau. Mwongozo wetu unasema MV, herufi kubwa, bila nukta. Namwonyesha ukurasa, tunaendelea na kazi. Vivyo hivyo lile daraja lililofunguliwa Juni 2025. Tumekubaliana jina rasmi la Daraja la J.P. Magufuli litangulie, na Kigongo–Busisi itajwe papo hapo, maana msomaji wa Sengerema ndivyo anavyolijua.

Leteni ya kwenu. Kifungu gani kimekusaidia kweli, na kipi ungekifuta leo?

Binti Nansio
Mkuu, mimi niko redioni, na huku mwongozo ni wa sikio. Kifungu chetu kikubwa ni cha saa na siku. Utabiri wa hali ya hewa ziwani ukija umeandikwa 21:00 hadi 03:00, mtangazaji anasoma "saa 3 usiku hadi saa 9 usiku". Hilo jepesi. Zito ni "usiku wa Jumanne", ambalo kwetu haliruhusiwi kabisa. Msikilizaji mmoja anaelewa usiku unaofuata mchana wa Jumanne. Mwingine, ambaye kwake siku mpya huanza jua likizama, anaelewa usiku wa kuamkia Jumanne. Sasa fikirieni mvuvi wa dagaa: anatoka giza likiingia, na taa zake ndani ya mtumbwi. Akielewa usiku tofauti na tuliokusudia, upepo unamkuta mbali na nchi kavu. Kwa hiyo tunasema "Jumatatu usiku, kuamkia Jumanne", maneno yote, hata taarifa ikirefuka. Hapo sitaki mhariri wa kufupisha.

Nukta na Mkato
Mimi ni wa upande wa pingu, na nina sababu. Miongozo kadhaa niliyofanyia kazi ilichukuliwa kwenye ya Kiingereza bila kufikiria lugha yetu. Chukueni namba. Chicago, mwongozo wa Kimarekani wa wachapishaji wa vitabu, kwa kawaida wanaandika kwa maneno hadi mia moja; AP, wa shirika la habari la huko huko, wanaishia tisa. Bosi wetu mmoja akachagua ya Chicago. Matokeo yake safu nyembamba ya gazeti inabeba "abiria themanini na saba" na aya nzima inavimba. Tena kulikuwa na kifungu cha kukataza sentensi kuanza na tarakimu. Kwa Kiswahili jina hutangulia namba: watu 87, mitumbwi 12. Kanuni hiyo inakataza kitu ambacho ni nadra kutokea, huku masuala yetu halisi, kama "Sh" au "shilingi", "Rais" au "rais", hayana hata mstari mmoja.

Kopi Safi
Nukta, hapo nakubaliana nawe kabisa. Sisi tuliandika tarakimu kuanzia 10, basi. Tahajia ikileta ubishi tunafuata Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, na mwongozo umelisema hilo ukurasa wa kwanza.

Tasnifu
Kwangu mimi kinachoumiza ni toleo. Nasafisha tasnifu za wanafunzi, na chuo kikisema "APA", ule mwongozo wa Kimarekani wa kuandika marejeo, hakisemi toleo lipi. Toleo la 7 lilitoka mwishoni mwa 2019 likaondoa mji wa mchapishaji kwenye marejeo. Kazi ya waandishi watatu au zaidi, unataja jina la wa kwanza tu na kuongeza "na wenzake" tangu mara ya kwanza. Msimamizi mmoja anaudai mji, wa pili anaukata. Mwanafunzi anarudi kwangu na marejeo yaleyale, hela ya uchapaji imekwisha. Siku hizi sigusi kazi kabla hajaniletea jibu la maandishi la msimamizi kuhusu toleo.

Dada wa Igoma
Jamani, mimi kifungu changu kinahusu watu. Kanda yetu ya Ziwa imeandikwa sana kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Mwongozo wetu unaagiza "mtu mwenye ualbino", basi. Unakataza neno "dili", lile la mtaani la kuwaita watu hao, hata ndani ya nukuu, unakataza kutaja bei inayodaiwa ya viungo vya miili yao, na mtoto aliyenusurika hatajwi shule wala kitongoji. Vijana hulalamika kwamba maneno hayo hayaenei kwenye kichwa cha habari. Kichwa kisipoenea, nakiandika upya chote. Bei ikichapishwa, tumemtangazia mnunuzi. Kwa hilo niko tayari kubishana na mhariri mkuu mpaka gazeti lichelewe mtamboni.

Nukta na Mkato
Dada, hicho hata mimi sikigusi. Nikiitwa kuandika mwongozo, naanza na hicho.

Mzee wa Prufu
Nimewasoma wote. Chumba cha habari nilichokulia kilikuwa na mwongozo mmoja tu, nao ulikuwa kichwani mwa mhariri msanifu. Alipostaafu, wiki hiyohiyo kila dawati likaanza kuandika lake. Tulipokaa kuuandika upya tukaongeza vitu viwili kwa kila kanuni: tarehe na sababu. Sababu ndiyo inayomwonyesha kijana lini kanuni haifai kwa habari aliyoishika. Tarehe inakukumbusha kwamba imezeeka. Chicago walianza 1906, na 2024 wametoa toleo la 18. Hao wenye watu na fedha wanarekebisha. Sisi tunabandika karatasi ukutani na kuisahau.

Binti Nansio
Shikamoo mzee. Na kanuni mpya kwenu anaipitisha nani, mhariri mkuu peke yake?

Mzee wa Prufu
Marahaba binti. Inapita kwenye kikao, na mwandishi ambaye kopi yake ndiyo iliyozua ubishi lazima awepo na asikilizwe kwanza. Mhariri mkuu anaamua pale tu tusipoafikiana, naye pia anaandika sababu yake.